Ndama Alivutwa Kushoto

Sajini Kipkemei alikuwa ameanguka, tusifichane. Mwanamume mzima, mpana kama mlango wa ghala, alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya ofisi ya upelelezi pale Kitale. Juu yake alisimama mama wa miaka sabini mwenye sweta ya kijani, ameinama kidogo, anamuuliza kama ameumia.

"Pole, kijana wangu. Si ni wewe ulisema nisikuonee huruma?"

Askari wawili waliokuwa mlangoni walicheka. Inspekta Lorna Jelimo aliwageuzia macho, wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi kwingine.

"Inuka, Kipkemei," alisema Jelimo. "Tunarudia."

"Tunarudia nini, madam? Kuanguka?"

"Polepole safari hii. Mama Nyaguthii, nionyeshe kila kitu vile ulimfanyia Hiram."

Hiram Gikonyo alikuwa shemeji ya Nyaguthii, mdogo wa marehemu mumewe. Jana mchana alikutwa amekufa uani kwa Nyaguthii, kwenye barabara ya kwenda Endebess, paji la uso limepasukia kwenye ukingo wa saruji wa tangi la maji. Aliyemkuta ni mwanawe mwenyewe, Dancan. Kabla polisi hawajamaliza kupima ua kwa kamba, Nyaguthii alikuwa amejileta stesheni kwa miguu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani kama mtu anaenda kanisani, akasema, "Ni mimi." OCS, mkuu wa stesheni, alifurahi sana. Kesi inayojileta yenyewe ni kama kuku anayejinyonyoa. Aliagiza mama afikishwe kortini leo saa nane, kwa shtaka la kuua.

Sajini alinyoosha mkono wa kulia, kwa uoga, akaikamata sweta ya mama karibu na bega lake la kushoto. Nyaguthii hakuvuta wala hakusukuma. Alikilaza kiganja chake cha kulia juu ya kifundo cha mkono wa sajini, kwa upole, vile mtu hufunika mtoto aliyelala. Mkono wa kushoto ukapanda ukakaa juu ya kiwiko cha sajini. Kisha kiuno chake kiligeuka kulia. Kiuno tu. Kipkemei akaanza safari ya sakafuni akiwa anajua kabisa anakokwenda.

"Basi, basi! Shosho, wacha!"

"Hii mnaiitaje?" aliuliza Jelimo.

"Sisi wamama wa kanisa tunaiita kuvuta ndama. Ndama akikwama kwenye chuchu na wewe unataka kukama, ukimvuta kwa nguvu atakushinda. Unamshika, unageuka naye, anakuja mwenyewe. Mwalimu Nyambu alikuwa na jina la Kichina, mambo ya mkia wa ndege. Lakini nani amewahi kukama ndege?"

"Na Mwalimu Nyambu ni nani?"

"Si ndiye alituletea hii taichi, haya mazoezi ya polepole ya Wachina? Alienda Uchina kusomea mambo ya mbegu, akarudi na hii. Alitufundisha kwa sababu ya magoti. Siku hizi yuko Bungoma, huko Kibabii."

Jelimo alikuwa na maneno ya daktari wa maiti kichwani tangu asubuhi. Kiwiko cha Hiram kilichotoka mahali pake ni cha kushoto. Alimtazama sajini, ambaye alikuwa anasugua kiwiko chake cha kulia.

"Kipkemei, mshike tena. Kwa mkono wa kushoto."

Sajini alishika upande wa pili wa sweta. Mikono ya Nyaguthii ilipanda, ikasimama hewani, ikashuka. Ikapanda tena, ikagongana yenyewe kwa yenyewe. Sajini alisubiri kuanguka, hakuanguka.

"Nimechoka leo," alisema mama, na kwa mara ya kwanza hakumwangalia inspekta usoni. "Jana nilikuwa na hasira. Hasira inajua pande zote."

"Hiram alikuwa ameshika nini mkononi?"

"Hakuna kitu. Mikono mitupu."

"Una hakika?"

"Mitupu kabisa. Nilimuua bure. Andika hivyo, tumalize."

Jelimo hakuandika. Jana alikuwa ameona kitu kwenye mpaka wa shamba, na hakijatoka kichwani. Ua wa kariaria, ule mmea usio na majani ambao ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ulikuwa umefyekwa kipande kizima, vikonyo bado vinatiririka. Kiganja cha kulia cha maiti kilikuwa kimeganda utomvu. Lakini pale uani hapakuwa na panga. Na kariaria haikatwi kwa meno.

Nje, kwenye benchi la korido, Dancan mwana wa Hiram alikuwa ameketi tangu mapambazuko. Mtu wa miaka thelathini hivi, buti za gamu, koti la marehemu babake. Alisimama alipomwona inspekta.

"Madam, mamkubwa anaenda korti saa ngapi?"

"Saa nane. Unataka kumwona?"

"Hapana. Nataka tu ijulikane imeisha."

Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu, limevimba mpaka karibu kufumba. Jelimo alimpa pole. Mtu aliyefiwa na babake ana haki ya kuvimba macho.

Walikuwa wameshatoka nje kwa gari la serikali ndipo Kipkemei akasema lake. "Madam, kama si shosho, ni huyo mwalimu wake. Nani mwingine anajua kuvunja mtu kwa kugeuza kiuno? Tumfunge pingu kwanza, maswali baadaye."

"Mbona wewe unataka kufunga kila mtu anayeweza kukuangusha?"

"Ni wengi sana, madam?"

"Tangu leo wanaongezeka."

Kabla jua halijawa kali walikuwa Kibabii. Ukumbi ulikuwa nyuma ya duka la mbegu, bati juu, sakafu ya saruji iliyong'arishwa na miguu. Jelimo alisimama mlangoni. Ndani kulikuwa na mistari ya watu, wengi vijana, wote wameangalia upande mmoja, na mbele yao mzee mmoja kwenye kiti, amewapa mgongo. Alikuwa anapunga mikono polepole akiutazama ukuta. Kando yake mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa anaonyesha hatua za miguu, naye pia amewapa wote mgongo.

"Huyu anafundisha ukuta?" alinong'ona Kipkemei.

Mzee aligeuza kiti. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta kuanzia vidole hadi gotini, na plasta yenyewe ilikuwa imechakaa, imeandikwa pole na majina ya wanafunzi. Kipkemei alishusha pumzi. Mshukiwa wake alikuwa amepotea hivyo tu.

"Ng'ombe," alisema Mwalimu Nyambu alipoona wanauangalia mguu. "Alinikanyaga mwezi uliopita. Taichi ni kutumia nguvu ya anayekuja kwako. Ng'ombe hakuja kwangu, alisimama tu. Karibuni."

Jelimo alimvuta kando, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu amekufa Kitale, kiwiko cha kushoto kimetoka, na kuna mama mmoja amekubali kosa. Hakutaja jina.

"Kwanza nieleze hii ya kuvuta ndama," alisema.

Mzee alicheka. "Kuvuta ndama! Basi huyo ni mmoja wa wamama wangu wa Kitale. Sikiza. Mtu akikushika, anategemea utavuta. Usivute. Mkono wako mmoja umzuie kifundo asitoke, mwingine ukae kwenye kiwiko, kisha zunguka naye kule anakotaka kwenda. Ukizunguka kushoto, unachukua mkono wake wa kushoto. Ukizunguka kulia, wa kulia."

"Na mwanafunzi wako anazunguka wapi?"

"Mimi nafundisha kushoto. Upande mmoja kwanza, mpaka mwili uzoee. Wengi hawafiki upande wa pili. Wanasema magoti yamepona, asante mwalimu, kwaheri."

"Huyu mama anazunguka kulia. Mbele yangu, mara mbili."

Nyambu hakushangaa. Alijikuna juu ya plasta kwa kalamu.

"Hiyo ni makosa yangu, na pia si makosa yangu. Siku ya kwanza kule Kitale nilisimama hivi vile unaona, mgongo kwao, wanifuate. Mama mmoja akainua mkono. 'Mwalimu, sisi ni wazazi. Mwanamume mzima kutusimamia ametuelekezea makalio, hiyo ni elimu gani?' Kanisa lote likaitika amina. Wakakataa kuanza mpaka nigeuke. Nikageuka. Sasa mimi nikienda kushoto, wao wananitazama usoni, wanaenda kulia. Darasa zima limejifunza kinyume, kama mtu aliyejifunzia kwenye kioo. Nikanyamaza. Goti halijui kushoto wala kulia."

"Wote?"

"Wote. Mwombe yeyote kati yao azunguke kushoto, atajikanyaga."

Jelimo alihisi mambo yanasogea na kukaa mahali pake. Mkono wa kulia wa Hiram ulikuwa na utomvu: ulishika panga. Kwa hiyo alikamata mtu kwa ule uliobaki, wa kushoto. Na aliyemzungusha kushoto hakujifunza na wamama wa Kitale. Alijifunza hapa, nyuma ya mgongo wa mwalimu.

"Kuna mtu wa familia ya Nyaguthii anayekuja kwako?"

Sasa jina lilikuwa limetoka, na mzee aliacha kujikuna. Macho yake yalienda mbele ya ukumbi kabla hajaweza kuyazuia.

"Aliniletea yeye mwenyewe," alisema polepole. "Mke wa mtoto wake. Mtoto alikufa kwa ajali, wakabaki wajane wawili kwenye boma moja, na shemeji anapiga kelele mlangoni. Phelista ni wa Bumula, amerudi kwao, lakini wikendi huenda kumsaidia mama. Nyaguthii aliniambia, mwalimu, mimi umenifundisha magoti. Huyu mfundishe mikono."

Jelimo alimwita kwa kidole. Phelista Nakhungu alikuja anapangusa jasho kwa leso. Alipoona buti za Kipkemei, hatua zake zilifupika.

"Mimi ni Inspekta Jelimo, wa Kitale. Sajini wangu hapa anataka kujifunza kuvuta ndama. Utamsaidia?"

"Leo sijisikii vizuri, afande."

"Mara moja tu. Kipkemei, kwa mkono wa kushoto."

Sajini alinyoosha mkono wa kushoto, akamshika nguo begani upande wa kulia. Phelista alishtuka kama aliyeguswa na kaa la moto. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa tayari juu ya kifundo cha sajini, mkono wa kulia tayari kwenye kiwiko, kiuno kimeanza kugeuka kushoto. Yeye mwenyewe hakuonekana kuagiza lolote. Kisha akajiona. Akauachia mkono, akarudi nyuma, akafunika mdomo kwa leso.

Kola ya nguo yake ilikuwa imevutika. Chini yake, kwenye ngozi, kulikuwa na alama za vidole, nyeusi, zimepangika.

"Mama yako mkwe yuko seli," alisema Jelimo. "Amesema ni yeye."

"Mama?" Leso ilianguka. "Mama alikuwa ameenda kupeleka maziwa! Hakuwa hata nyumbani! Mungu wangu, aliniambia tu, panda gari uende kwenu, ukae huko, nitakupigia simu."

"Ulimwambia nini?"

"Alinikuta njiani nakimbia. Nikamwambia, mama, nimeua mtu, nimeua baba mdogo. Akanifunga mdomo kwa mkono. Akasema usiniambie zaidi, nisichokijua sitaulizwa."

Ameulizwa, alifikiri Jelimo, na amejibu.

Phelista alisimulia amesimama wima, kama shahidi. Alisikia kariaria ikikatwa. Akatoka. Hiram alikuwa anafyeka ua wa mpaka apande yake ndani zaidi, kwenye shamba la Nyaguthii. Akamwambia awache. Hiram akaja mpaka karibu na tangi, akamkamata begani, akasema mwanamke wa Bumula hatakaa kwenye udongo wa babake, labda azikwe humo leo. "Panga ilikuwa juu hivi, afande. Sikufikiria kitu. Niligeuka tu vile mwalimu hutuambia. Yeye akapita. Nikasikia kichwa kwenye saruji."

"Na panga?"

"Ilianguka kando ya tangi. Sikuigusa."

Kipkemei alitazama chini. Jelimo ndiye aliyelazimika kusema.

"Phelista, hakukuwa na panga."

"Ilikuwa hapo!"

"Na mama yako amesema kwa mdomo wake, mbele yetu wawili, kwamba Hiram alikuja mikono mitupu. Akifikishwa kortini na neno hilo, ataingia jela yeye. Ukisema ukweli wako bila panga, utaingia wewe, na neno lake ndilo litakufungia mlango."

 Wanafunzi waliojifanya wanaendelea na mazoezi walikuwa wamesimama, mikono hewani.

"Kariaria," alisema Jelimo ghafla. "Mwalimu, utomvu wake ukiingia machoni?"

"Usiombe. Utavimba, utaona moto. Kila mtu huku anajua, ukikata kariaria usijiguse uso mpaka unawe."

"Na kama umeshika panga ambayo mtu mwingine ameikatia kariaria, na hujui ina utomvu mpaka kwenye mpini? Na unalia, unajipangusa?"

Hakungoja jibu. Alikuwa ameshatoa simu. Kitale waliitika.

"Dancan bado yuko kwenye benchi? Mpe chai. Mpe na mkate. Asiondoke. Na kama anataka kunawa uso, mwambie mfereji umekauka."

Saa nane ilikuwa inakaribia waliporudi. Lori la kupeleka washtakiwa kortini lilikuwa limewashwa injini uani, na OCS alikuwa kwenye ngazi, anaangalia saa yake kama mtu anayengoja chakula cha harusi.

"Dakika chache, bwana," alisema Jelimo akipita.

"Dakika zako zimeisha, Inspekta. Mama amekubali kosa!"

"Amekubali. Hajalitenda."

Dancan alikuwa mbele ya kikombe kitupu. Jicho lilikuwa limefumba kabisa sasa. Jelimo aliweka mezani bilauri ya maziwa mabichi na pamba.

"Weka kwenye jicho. Watu wa kwetu mlimani hutumia maziwa."

"Asante, madam."

"Umelia sana?"

"Ni babangu."

"Pole. Lakini mimi nimezika wazazi wote wawili, Dancan, na nililia kwa macho yote mawili. Wewe huzuni imekujia upande mmoja tu?"

Pamba ilisimama njiani.

"Mtu wa kwenu hawezi kukata kariaria na kujigusa jicho," aliendelea Jelimo. "Hata mtoto wa nasari anajua. Kwa hivyo wewe hukukata. Wewe ulishika kitu ambacho kimekata. Ulikiokota haraka, unalia, hukuangalia mpini. Nilikuta utomvu kwenye mkono wa babako, na ua uliofyekwa. Kilichobaki ni wewe kuniambia iko wapi."

"Mzee wa kanisa," alisema Dancan. Sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili. "Babangu alikuwa mzee wa kanisa, madam. Aonekane amekufa akitaka kukata mjane na panga? Watamzikaje? Nani atakuja?"

"Kwa hivyo mamkubwa wako azeeke jela ili mazishi yajae watu."

"Yeye alisema ni yeye! Mimi sikumtaja!"

"Hukumtaja. Ulikaa tu kwenye benchi ukiuliza anaenda saa ngapi."

Nje, dereva wa lori alipiga honi. Dancan aliitazama ile bilauri kwa jicho lililobaki. Kipkemei alianza kusogea mlangoni asimame mbele ya lori kwa kifua chake mwenyewe.

"Kwa lundo la mbolea," alisema Dancan hatimaye. "Nyuma ya zizi letu. Imefungwa kwa gunia. Sikuiosha. Niliogopa kuigusa tena."

Lori liliondoka bila Nyaguthii. OCS alisema maneno mengi ambayo hayakuandikwa popote. Jioni haijaingia, Kipkemei alirudi kutoka barabara ya Endebess na gunia, akalifungua mezani. Utomvu ulikuwa umekaukia kwenye bapa na mpini, na juu ya mpini vidole vya mkono mpana wa Hiram vilikuwa vimeacha njia zao, na vingine vyembamba, vya mwanawe, juu yake.

Nyaguthii aliletwa kutoka seli. Alimwona Phelista kwenye kiti, akawa mkali kama siafu.

"Nilikuambia ukae kwenu! Wewe hujui kusikia? Afande, huyu mtoto ana wazimu, msimwamini."

"Mama," alisema Phelista, "hata hukuniuliza alikuwa ameshika nini."

Mama aliangalia meza. Akaona panga. Alikaa chini bila kutafuta kiti, na ni bahati sajini alikuwa ameshasukuma kimoja.

"Mimi nikasema mikono mitupu," alisema. "Nilitaka ikae vizuri. Nilitaka iwe kosa la kunitosha mimi peke yangu."

"Ingewatosha wawili," alisema Jelimo. "Maneno yako nitayaandika upya, kwamba hukuwepo. Phelista atalala hapa leo. Faili inaenda kwa kiongozi wa mashtaka kesho, na mimi sina mamlaka ya kumwachilia. Lakini faili inaenda na panga, na alama za bega, na Dancan ameandika yake."

Nyaguthii aliitikia kwa kichwa. Kisha akakunja uso, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

"Na ulijuaje si mimi? Si nilimwangusha huyu kijana vizuri?"

"Ulimwangusha upande ambao Hiram hakuangukia. Mlipomkataza mwalimu kuwapa mgongo, mlijifunza yote kinyume."

"Yote?"

"Yote, shosho," alisema Kipkemei, akisugua kiwiko. "Lakini inauma vilevile."

 Ni Nyaguthii aliyeinua mkono siku ile kanisani, na hakuna aliyehitaji kumuuliza. Baadaye aliinuka, goti likalia, akasimama katikati ya ofisi, miguu imeachana kidogo, mikono imelegea kando.

"Phelista, njoo hapa mbele."

Phelista alikuja akasimama, amemwelekea mkwewe, macho chini, vile alivyolelewa.

"Si hivyo," alisema Nyaguthii. "Geuka. Nipe mgongo, mtoto wangu. Nionyeshe."